Amani Hujengwa kwa Uadilifu



Katika Suratu Quraysh Mwenyezi Mungu ametaja neema mbili pamoja: kushiba baada ya njaa na kusalimika na khofu. Basi aliyebeba dhamana ya watu hana budi kuwaondolea khofu. Na khofu haiondoki kwa nguvu peke yake.

Zingatieni yaliyotokea Afrika ya Kusini. Tarehe 10 Aprili 1993, Chris Hani, kiongozi aliyependwa mno na vijana, aliuawa nje ya nyumba yake huko Boksburg, karibu na Johannesburg. Muuaji alikuwa Mzungu, na nchi ikakaribia vita. Nelson Mandela, ambaye hakuwa bado na madaraka ya serikali, alisema na watu wote kwa televisheni. Hakuficha kuwa muuaji ni Mzungu. Lakini alibainisha pia kuwa aliyesababisha akamatwe ni mwanamke wa Kizungu. Ghasia zilitokea na roho zikapotea, lakini vita havikuzuka. Mwezi wa Juni tarehe ya uchaguzi ikakubaliwa, na tarehe 27 Aprili 1994 watu wa rangi zote wakapiga kura.

Aya ya 8 ya Suratul-Maida inatuamrisha hayo: chuki isitutoe katika uadilifu. Mwenye kuhukumu kaumu nzima kwa dhambi ya mmoja huwasha moto. Mwenye kumpa kila mtu haki yake huuzima. Tuwafundishe watoto wetu hayo, khasa sisi tunaoishi baina ya mataifa mengi.

Wallahu aalam.