PLASTIKI ITOKAYO SHAMBANI

Hebu tazama nyumbani kwako. Ndoo, beseni, dumu, kandambili: vyote ni plastiki. Plastiki nyingi hutengenezwa kwa mafuta na gesi vichimbwavyo ardhini. Lakini zipo pia zitokanazo na mimea. Leo tujifunze mbili: ya mahindi na ya mbarika.

Plastiki ni nini?

Plastiki ni mnyororo. Chembe ndogo sana huungwa moja baada ya nyingine, kama shanga zinavyotungwa katika uzi. Chembe hizo zaweza kutoka katika petroli. Zaweza pia kutoka katika mmea.

Plastiki ya mahindi

Kwanza mahindi hutolewa wanga. Wanga hugeuzwa sukari. Sukari hutiwa bakteria, ikachacha, ikatoa asidi ileile inayoyafanya maziwa yawe machachu. Kiwandani asidi hiyo huungwa mpaka ikawa plastiki iitwayo PLA.

PLA hutengenezewa vikombe na vifungashio. Asidi hiyo hutumika pia katika nyuzi za kushonea wagonjwa. Nyuzi hizo huyeyuka polepole mwilini, hivyo hakuna haja ya kurudi hospitali kutolewa nyuzi.

Ubaya wake, PLA haipendi joto. Kwenye nyuzi 60 hivi hulainika. Ukitia chai ya moto, kikombe chaweza kujikunja.

Plastiki ya mbarika

Mbarika wengine huuita mnyonyo. Mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kiwandani mafuta hayo hugeuzwa kuwa nailoni 11, iliyobuniwa Ufaransa. Hii ni plastiki ya kazi nzito. Petroli haiiharibu, wala haivunjiki upesi. Hutengenezewa mipira ya kupitishia petroli katika magari, na mipira ya hewa ya breki za malori. Lori lililobeba pamba yako huenda linasimama kwa msaada wa mbarika!

Tahadhari: mbegu za mbarika zina sumu kali. Mafuta yakishakamuliwa, sumu hubaki katika mashudu. Usimpe ng'ombe mashudu hayo. Mtoto asitafune mbegu.

Je, plastiki hizi huoza?

Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mtu atakwambia, "Ah, hii ni ya mimea bwana, itupe tu, itaoza." Si kweli siku zote. Nailoni ya mbarika haiozi. PLA huoza vizuri katika lundo la mboji lenye joto la nyuzi 60 hivi, linalotunzwa na wataalamu. Ikitupwa shambani au mtoni, hukaa miaka. Na mbuzi akiimeza, tumbo lake halibagui ya petroli na ya mahindi. Huziba vilevile.

Kwa hiyo kumbuka mambo mawili. Kutoka katika mmea ni jambo moja, kuoza ni jambo jingine. Ukiuziwa kitu cha namna hii, uliza yote mawili.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kikapu cha ukindu nacho kimetoka katika mmea. Hicho huoza kweli.

Maswali ya kujadiliana

1. PLA hutengenezwaje? Taja hatua zake.
2. Kwa nini nailoni 11 yafaa katika magari?
3. Kwa nini mifugo isipewe mashudu ya mbarika?
4. Kijijini kwenu, plastiki zilizochakaa hutupwa wapi? Mfanye nini?