Joto la Mchana, Radi ya Jioni: Kijitabu cha Kaya za Kariakoo na Katikati ya Jiji

Kila jioni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa saa 24 zinazoanza saa 3 usiku. Usikilize kabla ya kulala, kwa sababu ndio unaokuambia mtoto avae nini kesho na bibi akae chumba kipi. Ukitaja mvua na ngurumo katika maeneo machache, Mbagala inaweza kulowa huku Mtaa wa Kongo ukibaki na vumbi lake. Mvua ikikukosa leo, usiache kusikiliza kesho. Kwa siku tano zijazo zipo pia rangi za hatari: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Joto na radi Dar es Salaam ni ndugu. Jua la utosi hupita juu ya jiji mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na mwanzoni mwa Machi, vuli na masika zikiwa zinakaribia. Ardhi huchemka, hewa yenye unyevu wa Bahari ya Hindi hupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka. Watu hutazama wingu wakasahau joto lililolitangulia, nalo huumiza kimyakimya.

Joto

Nyuzi 32 za Kariakoo si sawa na nyuzi 32 za Dodoma. Hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Usiku kuta za zege hutoa joto zililolihifadhi mchana, na maghorofa huzuia upepo wa baharini usifike uani. Chumba chenye paa la bati bila dari ndicho cha kuogopa zaidi. Mzee, mtoto mchanga na mjamzito wasilale humo usiku wa joto. Wahamishieni chumba chenye upepo. Mwenye presha anayetumia dawa za kuongeza mkojo amuulize daktari afanyeje siku za joto, asiziache mwenyewe.

Wabeba mizigo, wasukuma mikokoteni na mama lishe aliye mbele ya jiko la mkaa wanywe maji kidogo kidogo kabla kiu haijawashika. Mkojo ulioiva rangi ni dalili kwamba maji hayatoshi. Wanawake wengi sokoni hujinyima maji ili wasilipie choo mara kwa mara. Jambo hili linaniuma: kwa siku kama hizi, fedha ya choo ni fedha ya afya, nayo iingie kwenye bajeti ya nyumba. Kijana aliyefika juzi kutoka Njombe au Lushoto msimpe mzigo mzito mara moja. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto.

Kichwa kikiuma, misuli ikikaza au kizunguzungu kikija, kaa kivulini, legeza nguo, kunywa maji. Mtu akianza kuongea ovyo, akaanguka au kupata degedege huku mwili unawaka, hiyo ni dharura. Wengi humdhania mlevi au mgonjwa wa malaria, na dakika zinapotea. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mwekeeni vitambaa vyenye maji baridi kwapani, shingoni na kwenye kinena, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Radi

Ukisikia ngurumo, radi tayari inaweza kukufikia. Ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa. Mwavuli wa biashara wenye mlingoti wa chuma na mti wa Mnazi Mmoja si kinga. Ukiwa ndani, usioge wala kuosha vyombo kwa maji ya bomba, na usishike kifaa kilichochomekwa kwenye umeme. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa radi hana umeme mwilini, mshike bila hofu. Kama hapumui, mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka, mwenzako akipiga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji.

Maji yakijaa

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 jijini, na Bonde la Msimbazi ndilo lililoumizwa sana. Usivuke Jangwani kwa mguu maji yakipita juu ya barabara. Yakiingia ndani, zima swichi kuu kama unaifikia ukiwa pakavu.

Chemba zikifurika, majitaka huchanganyika na maji ya visima. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia hapa Dar es Salaam. Chemsha maji ya kunywa au tia vidonge vya klorini, hata kama yanaonekana safi. Anayeharisha majimaji apelekwe kituo cha afya mara moja, akinyweshwa njiani maji ya chumvichumvi: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.