Zao la Biashara na Chungu cha Nyumbani

Mkulima anapong'oa mihogo ili apande miwa, au anapoacha kupanda ulezi ili apate nafasi ya tumbaku, je, watoto wake watakula vizuri zaidi au vibaya zaidi kuliko hapo awali? Swali hili laonekana jepesi, na kwa sababu hiyo wengi hulijibu kwa haraka. Wako wasemao kwamba zao la biashara huleta fedha, na mwenye fedha hashindwi kununua chakula. Wako pia wasemao kwamba miwa haisongwi ugali, kwamba shamba la zao la kuuza ni shamba lililonyang'anywa chakula, na kwamba njaa ya vijijini ilianza siku ile mkulima alipofundishwa kulima asichokula. Kila upande una sehemu ya ukweli. Lakini pande zote mbili huzirukia hatua kadhaa zilizopo kati ya shamba na mdomo wa mtoto, na ni katika hatua hizo ndimo jibu lilimofichika.

Hofu ya kundi la pili haikuzuka bure. Hapa Tanganyika, mnamo mwaka 1902, utawala wa Kijerumani ulianzisha mashamba ya pamba ambamo wanavijiji walilazimishwa kufanya kazi kwa malipo duni, na mara nyingi katika majira yale yale ambayo mashamba yao ya chakula yalihitaji jembe. Chuki iliyotokana na pamba hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kumbukumbu kama hizo hazifutiki upesi. Hata hivyo, kulima kwa kulazimishwa na kulima kwa kuchagua ni mambo mawili mbalimbali, na mtafiti hana budi kuyatenga.

Yafaa pia tukubaliane juu ya maana ya maneno. Kilimo cha biashara si kahawa, chai na pamba peke yake. Mkulima auzaye madebe kadhaa ya mahindi, au lita mbili za maziwa kila asubuhi, naye yumo katika biashara. Vilevile, kula vizuri si kushiba tu. Ugali wa mahindi hutia nguvu ya kutosha, lakini protini yake ina upungufu wa laisini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Maharage hulijaza pengo hilo. Madini ya chuma hupatikana kwa urahisi zaidi katika nyama na dagaa, na sehemu kubwa ya vitamini A ya wanavijiji hutoka katika mboga za majani na matunda. Kwa hiyo, kaya inaweza kushiba kila siku na bado ikawa na utapiamlo.

Sasa tuutazame mfano mmoja uliochunguzwa kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha sukari huko Awendo, katika wilaya iliyoitwa wakati huo Nyanza Kusini, nchini Kenya, si mbali na mpaka wa Tanzania. Siku hizi eneo la wilaya hiyo limo katika kaunti za Migori na Homa Bay. Wakulima wadogo waliozoea kulima mahindi, mtama, mihogo na maharage walifanya mikataba ya kukiuzia kiwanda miwa. Katika miaka ya 1980, Eileen Kennedy na Bruce Cogill, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula, walizilinganisha kaya zilizokuwa zikiuza miwa, kaya zilizokuwa ndiyo kwanza zinaingia katika kilimo hicho, na kaya zisizolima miwa kabisa. Walipima pato, walihesabu chakula kilicholiwa, na waliwapima watoto wadogo urefu na uzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, na taarifa ya ufuatiliaji ikatolewa mwaka 1989.

Matokeo hayo hayakuifurahisha kambi yoyote. Wakulima wa miwa walikuwa na pato kubwa zaidi kuliko wenzao, na hakukuwa na ushahidi kwamba miwa iliwaletea njaa: chakula cha nguvu katika kaya zao kiliongezeka. Lakini kiliongezeka kidogo tu ukilinganisha na ongezeko la fedha, na nyongeza hiyo ilipofuatwa hadi kwa mtoto wa chini ya miaka sita ilikuwa imekwisha kufifia. Urefu na uzito wa watoto haukubadilika kwa kiasi cha kujivunia. Wala watoto wa wakulima wa miwa hawakuugua kidogo zaidi kuliko watoto wengine.

Fedha zilikwenda wapi? Ili kujibu, lazima tuijue tabia ya muwa wenyewe. Katika sehemu hizo, mkupuo wa kwanza huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili kabla ya kukatwa. Katika muda huo kiwanda humkopesha mkulima mbegu, mbolea na kazi ya trekta, na siku ya malipo hukata madeni yote pamoja na gharama za kukata na kusafirisha. Kinachobaki hulipwa kwa mkupuo, na pengine hucheleweshwa kwa miezi. Fedha zinazokuja kwa namna hiyo zina njia zake. Hununua mabati, hulipa ada ya shule, hutoa mahari, hulipa deni la dukani. Hayo si matumizi ya kipumbavu, na mimi siungani na wale wanaomlaumu mkulima kwa kuezeka nyumba yake. Lakini chumvi, dagaa, mafuta ya kupikia na kibaba cha maharage havinunuliwi mara moja kwa miaka miwili. Vinahitaji shilingi chache kila siku au kila gulio. Fedha za namna hiyo hutokana na mayai, ndizi, mboga, karanga na pombe ya kienyeji, yaani vitu ambavyo kwa kawaida huuzwa na akina mama.

Hapa tumefikia jambo ambalo wachumi walichelewa kuliona. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo tulifundishwa kuihesabu kaya kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Mama yangu angesikia habari hiyo angecheka sana. Utafiti wa Nyanza Kusini ulionyesha kwamba fungu la pato lililokuwa mikononi mwa wanawake liliongeza chakula cha kaya kupita kadiri ambayo ukubwa wa pato peke yake ungetufanya tutegemee. Mwaka 1992 Kennedy na Pauline Peters, wakitumia taarifa za Kenya na Malawi, walieleza kwamba baadhi ya kaya zilizoongozwa na wanawake, ingawa zilikuwa maskini zaidi, zilikuwa na watoto wenye siha bora kuliko zile zilizozizidi kwa kipato. Na mkataba wa kiwanda huandikwa kwa jina la nani? Kwa kawaida, kwa jina la mwenye ardhi, naye mara nyingi ni mwanamume.

Sababu nyingine imo ndani ya mwili wa mtoto. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo mno. Haliwezi kupokea chakula kingi kwa mara moja. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto wa miezi 9 hadi 23 anyonyaye alishwe mara tatu au nne kwa siku, licha ya maziwa ya mama. Tatizo ni kwamba wanga wa mahindi au mtama ukipikwa hufyonza maji na kuvimba. Mama akitaka uji unywekao humbidi atie unga kidogo na maji mengi. Mtoto hujaza tumbo kwa maji na kupata nguvu haba. Mabibi zetu walikuwa na dawa ya jambo hili, nayo ni kimea. Punje ya ulezi iliyochipuzwa hutoa vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vipande, hata uji mzito ukitiwa kijiko kidogo cha unga wa kimea hulainika na kuwa wa kunyweka bila kupunguziwa nguvu. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilifanyia kazi suala hili kwa mafanikio. Lakini kimea chahitaji ulezi, na ulezi ni miongoni mwa mazao yanayotoweka mapema shamba linapobanwa. Tena chahitaji muda. Mama ashindaye katika palizi ya tumbaku, kisha akaenda kutafuta kuni, hupika mara moja au mbili kwa siku, hata kama ghala limejaa.

Halafu kuna maradhi. Mtoto mwenye malaria au anayeharisha hupoteza hamu ya kula, na hata kile alacho hakimfaidii ipasavyo. Pato la miwa halikuchimba visima vya maji safi wala halikujenga vyoo, maana hivyo ni vitu ambavyo mkulima mmoja mmoja hawezi kuvinunua dukani. Nadhani hii ndiyo sehemu ambayo wapiga debe wa pande zote mbili huisahau kabisa.

Mambo haya si ya Kenya peke yake. Huko Gambia, mradi wa umwagiliaji wa Jahally-Pacharr ulioanza katika miaka ya 1980 uliliingiza zao la mpunga katika kilimo cha kisasa. Mpunga ulikuwa zao la wanawake, na ilikusudiwa kwamba wao ndio waandikishwe mashamba. Baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya mavuno ikawa chini ya wakuu wa kaya. Chakula kiliongezeka, lakini kinamama walipoteza mamlaka juu yake. Katika nyanda za juu za Guatemala, wakulima wadogo walioanza kulima njegere za kuuzwa nje hawakuacha mahindi. Walipunguza eneo lake, wakayatunza vizuri zaidi na kupata mavuno makubwa zaidi kwa kila kipande. Huko Bukidnon, Ufilipino, mambo yalikuwa mengine: kiwanda cha sukari kilipofunguliwa, baadhi ya wapangaji waliolima mahindi walipokonywa ardhi na wenyewe, wakageuka vibarua. Mtu aliyepoteza shamba hawezi kuhesabiwa pamoja na yule aliyechagua kubadili zao.

Tafiti za karibuni zimeongeza uzito upande wa soko, lakini kwa tahadhari. Uchunguzi wa kaya za wakulima wadogo wa Kisii na Nyamira uliochapishwa mwaka 2020 na Sylvester Ogutu na wenzake ulionyesha kwamba waliouza zaidi walipata kalori, madini ya chuma na zinki zaidi, kwa kuwa walinunua vyakula bila kupunguza vile vya shambani. Vitamini A, hata hivyo, haikuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa. Jambo hilo halinishangazi. Mnavu na mgagani huota penyewe katika shamba la mahindi na huchumwa bure. Katika shamba la miwa iliyofunga hayaoti, na katika shamba lililopulizwa dawa si salama kuyachuma. Nao uchunguzi wa Malawi, Tanzania na Uganda uliochapishwa mwaka 2017 haukuona uhusiano wa maana kati ya kiasi kinachouzwa na hali ya lishe.

Msomaji wa hapa nchini anaweza kulipima jambo hili kwa takwimu zetu wenyewe. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliona kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoani Iringa walikuwa asilimia 57, na Njombe na Rukwa karibu asilimia 50 kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji yetu mahindi na viazi. Malori hupakia magunia huko usiku na mchana. Wataalamu wa lishe hutaja mzigo wa kazi wa akina mama, mlo wa mahindi matupu, na watoto kulishwa mara chache.

Kwa hiyo karani wa utafiti aingiapo katika kaya ya mkulima, kuuliza magunia mangapi yameuzwa hakutoshi. Na aulize fedha zilipokewa na nani, zilikuja mara ngapi kwa mwaka, na mama alirudi nyumbani saa ngapi jana. Kisha aombe kuonyeshwa uji wa mtoto, autie kijiko na kukiinua, atazame kama unadondoka kama maji au unashika.