SOMO LA UFUNDI: KUBADILISHA JOANTI YA KULASI KATIKA KAMYONETI YA ZAMANI



Safari hii tunajifunza kazi moja ambayo watu wengi wanaiogopa: kufungua motere na kubadilisha joanti ya kulasi. Tunatwaa mfano wa Toyota Hilux yenye motere 22R, ile ya esanse, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1981. Iko na silinda 4. Kamyoneti za namna hii zimezeeka, lakini zingali zinabeba mihogo na watu, na kununua motere ingine ni bei kali. Basi ni faida kubwa kujua kuitengeneza wewe mwenyewe. Lakini shikeni neno hili toka mwanzo: joanti haiungui bure. Mtu anayeibadilisha bila kutafuta kilichoiunguza, atarudia kazi ile ile.

A. JOANTI YA KULASI NI NINI?

Motere iko na sehemu mbili kubwa. Ya chini ni bloki, ni ya chuma cha kusubu. Ya juu ni kulasi, na katika 22R ni ya aluminiyo. Katikati yao kuna joanti, nyembamba kama karatasi ngumu. Kazi yake ni kutenga vitu vitatu visichanganyike: moto wa silinda, maji ya kupoza, na mafuta ya motere.

Sasa, aluminiyo ikipata moto inatanuka karibu mara mbili kupita chuma cha kusubu. Motere ikipita kiasi cha moto, kulasi inataka kutanuka, lakini buloni zinaishika. Njo inajipinda. Pale joanti inaacha nafasi.

B. KUJUA UGONJWA MBELE YA KUFUNGUA

Alama ni hizi:
1. Maji ya radiateri inapunguka, lakini hakuna pahali inavuja.
2. Moshi mweupe unatoka sana, hata motere ikiisha kupata moto.
3. Mapovu inapanda katika radiateri wakati motere inazunguka. (Fungua kifuniko wakati motere ni baridi tu! Maji ya moto itakuunguza uso.)
4. Mafuta inageuka rangi ya kahawa yenye maziwa.

Alama ya nne inaweza kudanganya. Katika 22R nyingi, mnyororo wa mbele unaongozwa na vipande vya plastiki. Vikivunjika, mnyororo unasugua kifuniko chake mpaka kukitoboa, na maji inaingia katika mafuta. Ukibadilisha joanti tu, kesho maji itaingia tena. Kwa hiyo, ukifungua juu, mulika taa ndani, uangalie vile vipande.

Pima pia kompresyo. Motere nzuri inatoa karibu 12 kg/cm2. Chini ya 10 ni mbaya, na tofauti kati ya silinda isipite 1. Kama silinda mbili zinazofuatana ziko chini sana, mara nyingi joanti imekatika katikati yao.

C. KUFUNGUA

Acha motere ipoe kabisa. Ondoa bateri, mwaga maji na mafuta. Kila bomba na kila waya uufunge alama yenye namba, na buloni za kila pahali uzitie katika kopo lake. Kuandika kunachukua saa moja. Kutafuta kunachukua siku tatu.

Zungusha motere mpaka pistoni ya kwanza iko juu, na utie alama. Funga mnyororo kwa waya juu ya gurudumu lake la meno, usianguke ndani.

Hapa wengi wanakwama. Mbele ya kulasi, chini ya gurudumu linalozungusha delko, kuna buloni moja ndogo iliyofichwa ndani ya mafuta. Inashika kifuniko cha mnyororo. Usipoiondoa, kulasi haitatoka, na mwenye kulazimisha kwa chuma atavunja kifuniko ao kukwaruza aluminiyo.

Buloni kubwa ni 10, na ndizo zinashika hata kilbiteri. Zilegeze kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu, ukianza kwenye ncha na kwenda katikati. Ukifungua ovyo, kulasi inaweza kujipinda ao kupasuka.

D. KUPIMA

Hii ndiyo sehemu watu wanaruka, njo wanarudia kazi. Safisha kulasi, weka juu yake rula ya chuma iliyonyoka sawasawa: kwa urefu, kwa upana, na toka pembe mpaka pembe. Jaribu kupitisha chini yake kibati cha kupimia. Kama kibati cha milimetre 0,15 kinapita, upeleke kulasi kwenye mashini ya kusawazisha. Hapana kuisugua kwa jiwe! Kwa bloki mwisho ni 0,05. Tafuta pia nyufa kati ya supapi.

Kausha matundu ya buloni. Maji ao mafuta ikibaki ndani, buloni itaisukuma bila njia ya kutokea, na bloki inaweza kupasuka.

E. KUFUNGA

Tia joanti mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Kaza kutoka katikati kwenda kwenye ncha, mizunguko mitatu, mpaka 8 m.kg. Tumia kle ya kupimia nguvu. Kama huna, azima. Mkono hauwezi kupima. Ile buloni ndogo inafungwa mwisho. Kisha tia mafuta mpya na filtre mpya. Motere ikiisha kupata moto, rekebisha supapi: za kuingiza 0,20 na za kutolea moshi 0,30.

F. NANI ALIUNGUZA JOANTI?

Usiendeshe mbele ya kujibu. Radiateri imejaa matope? Mkanda umelegea? Pompe ya maji inavuja? Chemsha termosta katika sufuria: inapaswa kufunguka karibu digrii 88.

Angalia hata kifuniko cha radiateri. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na pale maji inachemka karibu digrii 95. Kifuniko kizuri kinabana maji isichemke upesi. Kikiwa kimekufa, nafasi kati ya termosta na kuchemka ni ndogo sana, na mlima mmoja na mzigo unatosha kuunguza kazi yote.

MAULIZO
1. Ni vitu gani vitatu joanti inatenga?
2. Sababu gani kulasi ya aluminiyo inajipinda?
3. Mafuta imegeuka kama maziwa. Taja sababu mbili.
4. Baba yako anasema: «Joanti imefungwa, twende sokoni.» Utamwonyesha vitu gani kwanza?