Gavana Hachaguliwi Siku ya Rais: Mwongozo kwa Raia Wapya wa Kentucky

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki, ambako rais na wabunge huchaguliwa siku moja, akifika Marekani hudhani uchaguzi ni jambo la kila baada ya miaka minne. Kumbe yapo majimbo matano yanayomchagua gavana katika mwaka wa witiri, rais akiwa hayumo kabisa kwenye karatasi ya kura. Virginia na New Jersey hufanya hivyo mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa rais. Kentucky, Mississippi na Louisiana mwaka mmoja kabla.

Hapa nazungumzia zaidi Kentucky, kwa kuwa Lexington na Louisville ni makao ya watu wengi wanaozungumza Kiswahili, hasa waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo, na wengi wao sasa wameapa kuwa raia. Uchaguzi wa gavana unaofuata huko ni Jumanne, tarehe 2 Novemba 2027. Andy Beshear, aliyeshinda 2019 na 2023, haruhusiwi kugombea muhula wa tatu mfululizo, kwa hiyo kiti kitakuwa wazi.

Wapo wanaosema kura hizi hazina uzito, lakini tazameni yaliyotokea Kentucky. Mwezi Novemba 2015, Gavana Steve Beshear, akiwa karibu kuondoka madarakani, alitia saini amri ya kuwarudishia haki ya kupiga kura watu waliokwisha kutumikia adhabu za makosa yasiyo ya ukatili. Mwezi uliofuata akaapishwa Matt Bevin, naye akaisimamisha. Mwaka 2019 Bevin alishindwa na Andy Beshear, mtoto wa Steve, kwa kura 5,000 na ushei kati ya zaidi ya milioni 1.4 zilizopigwa. Siku mbili baada ya kuapishwa, gavana mpya alitia saini amri yake, na watu zaidi ya 140,000 wakarudishiwa haki hiyo. Kura zilizoamua jambo hilo zingeweza kutoka katika mitaa michache tu ya Louisville.

Sasa tuje kwenye utaratibu, na kwanza kabisa onyo. Anayepiga kura ni raia wa Marekani aliyetimiza miaka 18. Mkimbizi, au mwenye grini kadi, hata akiwa amekaa miaka mingi na analipa kodi, hana ruhusa. Hatari mara nyingi huanzia kwenye ofisi ya leseni za udereva: unaulizwa upesi upesi kama ungependa kuandikishwa kuwa mpiga kura, Kiingereza kinakupiga chenga, unaitikia ndiyo, unasaini. Sahihi hiyo yaweza kukunyima uraia baadaye, hata kukufukuzisha nchini. Kama bado hujaapa, jibu ni hapana, na usitie saini fomu usiyoielewa.

Aliyekwisha kuapa anajiandikisha kwa mtandao au katika ofisi ya karani wa kaunti yake. Daftari hufungwa takriban wiki nne kabla ya siku ya kura. Ukihama nyumba, rekebisha anwani mapema.

Kwenye fomu utaulizwa chama. Wengi huacha patupu, wakiogopa mambo ya siasa kama walivyoyajua huko walikotoka. Uamuzi ni wako, ila ujue kwamba mchujo wa Kentucky ni wa wanachama tu: asiye na chama hashiriki kumteua mgombea ugavana wa chama chochote. Mchujo ujao wa ugavana ni tarehe 18 Mei 2027, na mtu aliyekwisha kuandikishwa anayetaka kubadili chama ili aushiriki lazima afanye hivyo kufikia tarehe 31 Desemba 2026. Mwezi Novemba chama hakikufungi, mpigie umtakaye.

Karatasi ya kura ni ndefu. Gavana na naibu wake huchaguliwa kwa alama moja. Wanafuata mwanasheria mkuu, katibu wa jimbo ambaye ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi, mkaguzi wa hesabu, mweka hazina na kamishna wa kilimo. Usipomjua mgombea, ruka nafasi hiyo. Kura yako kwa wengine haiharibiki.

Viti vya Baraza la Wawakilishi la Marekani navyo vina kalenda yake, miaka inayogawanyika kwa mbili. Lakini mbunge akifariki au akijiuzulu, gavana hana mamlaka ya kuteua mrithi. Lazima uitishwe uchaguzi mdogo, na tarehe yake yaweza kuangukia mwezi wowote. Jirani zetu wa Tennessee walijaza kiti cha wilaya yao ya 7 tarehe 2 Desemba 2025, wakati watu wengi wanawaza Krismasi.

Karatasi ya kura haiji kwa Kiswahili. Sheria ya shirikisho inayolazimisha tafsiri inahusu Kihispania na baadhi ya lugha za Asia na za wenyeji wa asili wa Marekani. Hilo linaniuma, kwa sababu wazee wetu wengi hubaki nyumbani kwa aibu ya kutosoma Kiingereza. Bibi au babu asiyeweza kuisoma karatasi ana haki kisheria ya kuingia na msaidizi amtakaye, awe mtoto wake au jirani, mradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mwambieni msimamizi wa kituo mapema, na msaidizi aandike anachoambiwa, si anachopenda yeye.

Nendeni na kitambulisho chenye picha, kama leseni au pasipoti ya Marekani. Wenye zamu za kiwandani wanaweza kupiga kura mapema, Alhamisi, Ijumaa au Jumamosi kabla ya siku yenyewe. Jumanne vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Aliyekwisha kupanga foleni saa hiyo atapiga kura, hivyo asiondoke.