Kwa Nini Mtoto Huyu Anachuma Kahawa Mbichi?



Msimu mmoja wa kahawa, baba mmoja alimleta mwanawe wa miaka tisa zahanati. Miguu ya mtoto ilikuwa na alama za fimbo. Baba alisema, "Daktari, huyu ni mkaidi. Namwambia achume kahawa nyekundu, yeye anachanganya na za kijani. Dada yake mdogo hakosei."

Nilimpa mtoto matunda ya kahawa, mabivu na mabichi, ayatenge. Aliyachanganya. Nilimwonyesha khanga ya bluu na ya manjano. Hakukosea.

Nilimwambia baba, "Mzee, mtoto huyu si mkaidi. Huenda macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani."

Hali hii huitwa upofu wa rangi. Mwenye nayo si kipofu. Kwa kawaida huona watu, njia na maandishi vizuri. Shida yake ni rangi tu.

Wavulana huwa nayo zaidi kuliko wasichana. Ulaya, wavulana wapatao 8 katika kila 100 wanayo. Wasichana hawafiki 1 katika 100. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo.

Sababu ni urithi. Mtoto huzaliwa na chembe za urithi zinazosaidia macho kutambua rangi hizi. Msichana hupata kwa baba na kwa mama. Za upande mmoja zikiwa na kasoro, za upande wa pili humsaidia. Mvulana hupata kwa mama tu. Zikiwa na kasoro, hana msaada. Mama mwenyewe huweza kuona rangi zote vizuri, asijue lolote. Kwa hiyo asilaumiwe. Wala hii si laana wala uchawi.

Hali hii haina dawa. Fimbo haiiponyi. Tufanye nini?

1. Mpeleke mtoto hospitali yenye mtaalamu wa macho, apimwe.
2. Mwarifu mwalimu wake, asiadhibiwe kwa kukosea rangi.
3. Mfundishe njia nyingine. Tunda la kahawa lililoiva ni laini ukilibonyeza. Bichi ni gumu.
4. Mfundishe taa za barabarani: zikiwa zimesimama wima, nyekundu iko juu, kijani iko chini.

Yule baba alimshika mwanawe mkono, wakaenda nyumbani. Fimbo aliiacha mlangoni pa zahanati.

Maswali
1. Kwa nini wavulana huwa na upofu wa rangi zaidi kuliko wasichana?
2. Je, katika nyumba yako yuko mtoto anayechanganya nyekundu na kijani? Utamsaidiaje?