SOMO KWA VYAMA: HAKI ZA VIBARUA WA MITARO YA MABOMBA



Chama kiajiripo vibarua wa kuchimba mtaro wa bomba la maji, chama hicho ni mwajiri. Hapa Tanzania Bara hakina budi kufuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

1. Masharti ya kazi yaandikwe. Pasipo maandishi, kukitokea shauri juu ya ujira, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri.

2. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa ya ziada hufanywa kwa mapatano na hulipwa mara moja na nusu. Mfano: alipwaye shilingi 18,000 kwa saa 9, akiongeza saa 2, hustahili nyongeza ya shilingi 6,000, wala si 4,000.

3. Mtaro ufikiao kina cha mita 1.5 uegemezwe kwa mbao, na udongo uwekwe mbali na ukingo. Mita moja ya ujazo ya udongo huzidi tani moja. Aliyefukiwa hadi kifuani hukosa pumzi.

Maswali ya kujadili: Daftari la saa za vibarua hutunzwa na nani? Nani hukagua mtaro asubuhi kabla hawajashuka?